Mafuta ya Mimea katika Uchachushaji wa Takrolimasi: Tathmini ya Mafuta ya Njia ya Kale ya Misafara, kutoka Ugogo hadi Ujiji

Ikisiri

Takrolimasi ni dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili ili kiungo kilichopandikizwa kisikataliwe. Hutengenezwa na bakteria wa udongo, Streptomyces tsukubaensis, kwa njia ya uchachushaji, na mafuta ya mimea ni miongoni mwa vyakula vinavyotumika kuongeza mavuno yake. Makala haya yanaeleza jinsi mafuta yanavyofanya kazi ndani ya tangi la uchachushaji, kisha yanayapima mafuta yanayokamuliwa katika ukanda wa Dodoma, Singida, Tabora na Kigoma: karanga, pamba, alizeti, mawese na mise. Hoja inayojengwa ni kwamba wingi wa mafuta katika ukanda huo si kigezo cha kuyachagua. Kinachoamua ni aina ya asidi za mafuta, hali ya mafuta katika joto la uchachushaji, na vitu vidogo vinavyoingia pamoja na mafuta ambayo hayakusafishwa.

Maneno muhimu: takrolimasi, uchachushaji, asidi za mafuta, mawese, Tabora

1.0 Utangulizi

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha kutoka Tabora hadi Ujiji kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, hukumbukwa zaidi kwa pembe za ndovu na kwa biashara ya watumwa. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiwa wamekwisha kujenga makazi yao. Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa pia njia ya bidhaa za kawaida zilizouzwa na kununuliwa kutoka kambi hadi kambi: chumvi ya Uvinza, majembe ya chuma, asali, nafaka, na mafuta ya mawese kutoka ufukwe wa ziwa. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo huohuo. Hadi leo ukanda huu ni wa mafuta: alizeti ya Dodoma na Singida, karanga na pamba ya Tabora, michikichi ya Kigoma.

Katika ukanda huohuo kumezuka hitaji jipya. Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanya upandikizaji wa figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania. Mwezi Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Mgonjwa aliyepandikizwa figo haondoki hospitalini kama aliyetolewa kidole tumbo, ambaye kidonda kikipona shauri limekwisha. Huondoka na dawa atakazomeza kila siku kwa muda wote ambao figo hiyo itafanya kazi. Akizikosa, kinga ya mwili wake inaweza kuishambulia figo na kuiharibu, na mgonjwa akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Upasuaji hufanywa mara moja. Dawa hununuliwa kila mwezi.

Kwa sababu dawa hizo hutoka kwa vijidudu vinavyolishwa, na mafuta ni sehemu ya chakula hicho, ni rahisi kwa mtafiti wa ukanda huu kuuliza kama mafuta ya kwao yanaweza kutumika. Swali hili ni halali, lakini mara nyingi huulizwa vibaya. Huanza na tani za mazao badala ya kuanza na bakteria.

2.0 Dawa na bakteria wake

Dawa kuu za kupunguza kinga ya mwili zilitoka udongoni au kwenye kuvu. Asidi ya maikofenoliki ilipatikana Italia mwaka 1893, Bartolomeo Gosio alipoitenga kutoka kwa kuvu wa jenasi ya Penicillium. Siklosporini ilitoka kwa kuvu wa udongo wa uwanda wa Hardangervidda, Norwei. Rapamisini ilitoka kwa bakteria wa udongo uliochukuliwa Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka, mwaka 1964. Takrolimasi iligunduliwa mwaka 1984 na watafiti wa kampuni ya Fujisawa katika sampuli ya udongo wa Tsukuba, Japani, na maelezo ya bakteria wake yakachapishwa mwaka 1987 (Kino na wenzake). Iliruhusiwa kutumika Japani mwaka 1993 na Marekani mwaka 1994.

Ndani ya mwili wa mgonjwa takrolimasi hushikamana na protini ndogo iitwayo FKBP12. Jozi hiyo huzuia kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini, na bila kimeng'enya hicho seli T hazipati amri ya kutengeneza intalukini-2, ambayo ndiyo inayoziita seli nyingine vitani. Kinachohusu makala haya zaidi ni jinsi molekuli yenyewe inavyojengwa ndani ya bakteria, kwa kuwa hapo ndipo mafuta yanapoingia.

Takrolimasi ni poliketidi, yaani molekuli inayojengwa kwa kuunganisha vipande vidogo kimoja baada ya kingine kama shanga kwenye uzi. Ujenzi huanza na kipande chenye pete ya kaboni sita kinachotokana na njia ya shikimati. Kisha huongezwa vipande kumi: viwili vya malonili-koA, vitano vya methilimalonili-koA, viwili vya methoksimalonili ambavyo hubebwa na protini badala ya koA, na kimoja cha alilimalonili-koA. Mwishoni huunganishwa asidi ya pipekoli, inayotokana na asidi amino iitwayo laisini, na mnyororo hujifunga kuwa pete yenye atomi 23. Nusu ya vipande vya nyongeza ni methilimalonili-koA. Mtafiti anayetaka kuongeza mavuno ajiulize kwanza bakteria atavipata wapi vipande hivyo vitano kwa kila molekuli moja.

3.0 Mafuta badala ya sukari

Anayeijua Tabora anaijua asali yake na anaijua wanzuki, pombe inayochachushwa kutokana na asali hiyo. Katika wanzuki hamira hula glukosi na fruktosi haraka, bila kuhitaji hewa nyingi, na kadiri inavyokua ndivyo pombe inavyoongezeka. Ukuaji na zao huenda pamoja. Kwa Streptomyces mambo ni kinyume. Bakteria huyu hutengeneza takrolimasi baada ya kasi ya ukuaji kupungua, anapoingia katika kipindi cha uhaba. Akiwa bado na sukari nyepesi au fosfati nyingi huendelea kujenga mwili wake na kuacha kazi ya dawa. Glukosi na gliseroli, zikiwa nyingi, hukandamiza utengenezaji wa takrolimasi. Asali, ambayo ndiyo fahari ya misitu ya miombo ya Tabora, ni chakula kibaya kwa kazi hii.

Mafuta humpa bakteria kaboni bila kumshibisha ghafla. Kwanza hana budi kutoa nje vimeng'enya vya lipesi vinavyovunja tone la mafuta kuwa asidi za mafuta na gliseroli. Kisha asidi hizo huingia ndani na kukatwa kaboni mbili mbili. Asidi ya palmitiki yenye kaboni 16 hutoa asetili-koA nane. Asidi ya oleiki yenye kaboni 18 hutoa tisa. Asetili-koA hugeuzwa kuwa malonili-koA kwa hatua moja. Methilimalonili-koA ina safari ndefu zaidi: mafuta ya mimea karibu yote yana asidi zenye idadi shufwa ya kaboni, hivyo hayatoi propionili-koA moja kwa moja. Asetili-koA inabidi ipite kwenye mzunguko wa Krebs hadi suksinili-koA, kisha kimeng'enya kinachohitaji vitamini B12 kiipange upya kuwa methilimalonili-koA. Ndiyo maana mafuta peke yake hayatoshi: kobalti, madini yaliyo katikati ya vitamini B12, ikiwa haimo katika chakula cha bakteria, asetili-koA itakuwa nyingi na vipande vinavyohitajika zaidi vitakuwa haba.

Gliseroli nayo isisahaulike. Mafuta yakivunjwa, takriban asilimia 10 ya uzito wake hutoka kama gliseroli, ambayo imetajwa hapo juu kuwa hukandamiza dawa. Inapotoka polepole na kuliwa palepale haina madhara makubwa. Mafuta yakiongezwa yote kwa pamoja na lipesi zikawa nyingi, hali hubadilika. Kwa hiyo swali la lini na kwa mafungu mangapi mafuta yaongezwe lina uzito sawa na swali la mafuta gani.

Jambo la tatu ni oksijeni. Kuunguza kabisa gramu moja ya glukosi kunahitaji takriban gramu 1.07 za oksijeni. Gramu moja ya mafuta yenye asidi ya oleiki inahitaji takriban gramu 2.9. Kwa joto la nyuzi 28 za Selsiasi maji huweza kuyeyusha oksijeni isiyofikia miligramu 8 kwa lita, tena katika usawa wa bahari. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa huo, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu kwa asilimia 13 hivi. Chupa ya kutikiswa katika maabara ya Tabora au Dodoma kwa hiyo haipati oksijeni sawa na chupa ileile ikitikiswa Dar es Salaam. Mtafiti anayechukua kasi ya mtikiso kutoka kwenye makala ya Japani na kuitumia Unyamwezi bila kuirekebisha anaweza kuhitimisha kwamba mafuta yanapunguza dawa, ilhali kilichopungua ni hewa. Katika tangi tatizo hili hutatuliwa kwa kuongeza kanieneo kidogo na kasi ya kukoroga. Katika chupa njia rahisi ni kupunguza ujazo: mililita 25 ndani ya chupa ya mililita 250 badala ya 50.

Kwa upande mwingine mafuta hutuliza povu, na povu katika tangi lenye hewa nyingi ni adha ya kila siku. Wazalishaji wa penisilini wa miaka ya 1940 na 1950 walitumia mafuta kwa kazi hiyo, wakaona kwamba kuvu alikuwa akiyala pia.

4.0 Mafuta ya ukanda wa misafara

4.1 Mawese na mise

Kigoma huwatofautisha mawese na mise, na mtafiti afanye vivyo hivyo. Mawese hukamuliwa kutoka nyama ya tunda la mchikichi. Mise hukamuliwa kutoka kiini cha kokwa, na matumizi yake yaliyozoeleka ni sabuni. Mti ni mmoja lakini kemia ni mbili.

Takriban nusu ya asidi za mafuta ya mise ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12. Asidi hii inajulikana kwa kuua au kuzuia bakteria wa kundi la Gramu chanya, na Streptomyces wamo katika kundi hilo. Lipesi za bakteria mwenyewe zitaitoa asidi hiyo kutoka kwenye mafuta, naye atajitengenezea sumu yake. Haielekei kwamba mise itafaa isipokuwa kwa kiasi kidogo mno kinachoongezwa tone kwa tone, na hata hivyo hakuna sababu ya kuipendelea.

Mawese ni suala jingine. Yana asidi ya palmitiki takriban asilimia 44, oleiki karibu asilimia 40, na linoleiki karibu asilimia 10. Kwa hesabu ya asetili-koA ni chakula kizuri, na kwa kuwa asidi zake nyingi si rahisi kuoza kwa hewa, hayachachi upesi. Shida yake ni ya kimaumbile. Mawese huyeyuka kabisa kwenye joto la nyuzi 35 hivi, ilhali S. tsukubaensis hukuzwa kwenye nyuzi 28 au chini kidogo. Katika chupa sehemu ya mawese itaganda, itashika kwenye ukuta wa chupa au kufunika vibonge vya bakteria, na lipesi zitapata eneo dogo la kufanyia kazi. Matokeo mabaya ya mawese katika jaribio la namna hiyo hayatakuwa yamepima mawese bali yatakuwa yamepima mabonge. Yapo masuluhisho mawili: kutenga sehemu nyepesi ya mawese kwa kuyapoza na kuyachuja, au kuyavuruga na maji pamoja na lesithini kidogo hadi yawe kama maziwa kabla ya kuyatia kwenye chupa.

Kuna pia suala la namna ya kukamua. Tunda la mchikichi likipondeka na kukaa kabla ya kuchemshwa, lipesi za tunda lenyewe huanza kuvunja mafuta. Mawese ya wakamuaji wadogo kwa hiyo huwa na asidi huru nyingi na hutofautiana kutoka kwa mkamuaji mmoja hadi mwingine. Asidi huru kidogo zinaweza kumrahisishia bakteria kazi, zikizidi humdhuru. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, mkoani Kigoma, hushughulikia mbegu bora za michikichi, na sampuli inayotokana na aina inayojulikana ya mchikichi ina thamani kubwa zaidi kisayansi kuliko debe la sokoni, hata kama la sokoni ni rahisi.

4.2 Karanga

Mafuta ya karanga yana historia ya pekee Tabora. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ikatangaza mpango mkubwa wa karanga Tanganyika. Maeneo matatu yalichaguliwa: Kongwa katika Ugogo, Urambo magharibi mwa Tabora, na Nachingwea kusini. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi, uligeuka mgumu wakati wa kiangazi kiasi cha kuharibu majembe ya trekta, na mvua haikuwa kama ilivyokadiriwa. Urambo baadaye ikawa nchi ya tumbaku. Hekta zilikuwa zimepangwa kabla udongo haujapimwa.

Kwa bakteria karanga ni chakula chepesi kukipima. Oleiki na linoleiki kwa pamoja ni takriban asilimia 80 ya asidi zake, na mafuta hubaki majimaji kwenye nyuzi 28. Sehemu ndogo ni asidi ndefu zenye kaboni 20 hadi 24 ambazo huliwa polepole na kubaki mwishoni mwa uchachushaji, jambo linalotatiza usafishaji wa dawa. Tatizo kubwa zaidi ni sumukuvu. Karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu wa Aspergillus wanaotoa aflatoksini. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hubaki kwenye mashudu, lakini mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa yanaweza kubeba kiasi. Kwa mafuta ya kula suala hilo ni la afya ya jamii. Kwa malighafi ya dawa itakayomezwa kila siku na mtu ambaye kinga yake imepunguzwa makusudi, halina mjadala. Mafuta ya karanga yasitumike kabla ya kupimwa aflatoksini, na mashudu yake yasitumike kama chanzo cha naitrojeni bila kipimo hichohicho.

4.3 Pamba

Pamba ya Igunga na Nzega hutoa mafuta na mashudu, na katika viwanda vya viuavijasumu duniani unga wa mbegu za pamba umetumika kwa miongo mingi kama chanzo cha naitrojeni kinachoachia chakula polepole. Huenda mashudu, na si mafuta, ndiyo yatakayokuwa mchango mkubwa wa pamba. Mafuta yake yana linoleiki takriban nusu na palmitiki karibu robo. Mafuta ghafi, hata hivyo, yana gosipoli, rangi ya manjano yenye sumu kwa seli za aina nyingi, na kiasi kidogo cha asidi za malvaliki na sterkuliki ambazo huzuia vimeng'enya vinavyoweka vifungo maradufu kwenye asidi za mafuta. Kusafisha kwa alkali huondoa gosipoli. Jaribio linalotumia mafuta ghafi ya pamba liwe na jaribio la pembeni linalotumia mafuta yaliyosafishwa ya mbegu zilezile; vinginevyo haitajulikana kama athari imetoka kwa mafuta au kwa gosipoli.

4.4 Alizeti

Mashine ndogo za kukamua alizeti zimeenea Singida na Dodoma, na kwa mtafiti hii ndiyo sampuli iliyo karibu zaidi. Vitabu hutaja linoleiki takriban asilimia 60. Namba hiyo isinukuliwe bila kupima, kwa sababu alizeti inayojaza mbegu wakati wa joto kali huongeza oleiki na kupunguza linoleiki. Alizeti ya Manyoni na alizeti ya Ulaya kaskazini zinaweza kuwa na jina moja na asidi tofauti. Hata Manyoni kwenyewe, mwaka wa joto na mwaka wa baridi huweza kutoa mafuta yasiyofanana. Linoleiki ikiwa nyingi mafuta huchacha upesi yakikaa kwenye dumu la plastiki juani kando ya barabara, na peroksaidi zinazozuka humdhuru bakteria.

Mafuta yasiyosafishwa ya alizeti hubeba pia fosfolipidi, na kwa kuwa fosfati hukandamiza takrolimasi, baadhi ya watafiti huweza kuhofu. Hofu hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana: kwa gramu 20 za mafuta kwa lita, fosforasi inayoingia ni miligramu chache tu. Fosfati iliyo kwenye mashudu ni nyingi zaidi, na hiyo ndiyo ya kuangaliwa.

5.0 Hesabu ya mgonjwa mmoja

Ili kuona nafasi halisi ya mafuta, mfano ufuatao unatosha. Mgonjwa anayemeza miligramu 6 kwa siku huhitaji gramu 2.19 kwa mwaka. Tuseme bakteria anatoa miligramu 200 kwa lita na nusu hupotea katika usafishaji. Lita moja itatoa miligramu 100, na mgonjwa atahitaji takriban lita 22 za mchuzi wa uchachushaji kwa mwaka. Kwa gramu 20 za mafuta kwa lita, mafuta yote ni gramu 440, chini ya nusu kilo.

Wagonjwa elfu moja watahitaji kilo 440 za mafuta. Kwa mashine ndogo inayotoa mafuta ya robo au zaidi kidogo ya uzito wa mbegu, hizo ni kama tani moja na nusu hadi mbili za alizeti, mzigo usiojaza lori. Hoja inayosikika mara kwa mara, kwamba kiwanda cha dawa za namna hii kingekuwa soko la wakulima wa mafuta wa magharibi, haina msingi wa hesabu. Mkulima wa Urambo hatatajirika kwa takrolimasi. Faida ya utafiti huu iko mahali pengine: kuwa na maabara inayoweza kukuza Streptomyces, kulisha, kupima na kusafisha zao lake, katika nchi ambayo sasa inapandikiza figo na inaagiza kila kidonge.

Kipimo cha miligramu 6 chenyewe kinaweza kuwa kidogo. Takrolimasi huvunjwa ini na utumbo kwa kimeng'enya CYP3A5. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana aina ya jeni inayokitengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi, ilhali Wazungu wengi hawanayo. Mwongozo wa kimataifa wa matumizi ya dawa kwa kuzingatia jeni unapendekeza watu wa aina hiyo waanze na kipimo kikubwa mara 1.5 hadi 2 ya cha kawaida. Mgonjwa wa Dodoma huenda akahitaji, kwa mwaka, dawa nyingi kuliko mgonjwa wa Oslo mwenye uzito uleule. Kwa familia inayolipa kwa vidonge, tofauti hiyo ni ya fedha taslimu.

6.0 Mambo yanayopotosha vipimo

Makosa yanayoharibu tafiti za mafuta mara nyingi hayako kwenye bakteria bali kwenye jedwali la majaribio. Gramu moja ya glukosi ina gramu 0.40 za kaboni. Gramu moja ya mafuta ina karibu gramu 0.77. Anayelinganisha gramu 20 za mafuta na gramu 20 za sukari amempa bakteria wa mafuta kaboni karibu mara mbili, na ongezeko atakaloliona halithibitishi kitu. Ulinganisho ufanywe kwa kaboni, si kwa uzito.

Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo kuchovya mililita moja kutoka kwenye chupa hakutoi sampuli ya haki. Takrolimasi nayo hupenda mafuta: sehemu yake iko ndani ya nyuzi za bakteria, sehemu imeyeyuka katika matone yaliyosalia. Chupa nzima ndiyo itolewe dawa, kwa methanoli au asetoni, na chupa tofauti zitumike kwa kila siku ya kipimo. Uzito mkavu wa bakteria upimwe baada ya kuosha kwa heksani, la sivyo mafuta yaliyosalia yatahesabiwa kama ukuaji. Katika kromatografia takrolimasi husomwa kwa mwanga wa nanomita 210 hivi, na hapo asidi za mafuta zisizoshiba nazo huonekana. Chupa yenye mafuta lakini isiyo na bakteria lazima iwemo katika kila mfululizo.

Kuua vijidudu ndani ya mafuta kuna mtego wake. Mvuke wa nyuzi 121 unaoua mbegu za bakteria katika maji haupenyi ndani ya mafuta makavu. Ndani yake mbegu hizo hukutana na joto kavu tu na huweza kusalimika. Mafuta yapashwe kwenye tanuri kwa nyuzi 160 kwa saa moja au mbili, au yavurugwe na maji kwanza ndipo yaingizwe kwenye mvuke. Mafuta ya mkamuaji mdogo, yenye maji na vumbi la maganda, yanahitaji uangalifu huu zaidi kuliko yale ya dukani.

Mwisho ni askomisini. Bakteria akikosa alilimalonili-koA na akawa na ethilimalonili-koA nyingi, huweka kipande hicho mahali pake na kutoa askomisini, molekuli inayofanana na takrolimasi kiasi kwamba kuzitenganisha ni kazi ngumu na ya gharama. Ethilimalonili-koA hutokana na krotonili-koA, ambayo nayo hujengwa kutoka kwa asetili-koA mbili. Mafuta, kwa kuwa yanafurika asetili-koA, yanaweza kuongeza zote mbili. Kwa hiyo jaribio la mafuta ya Tabora au Kigoma liripoti takrolimasi na askomisini katika jedwali moja, kwa kila mafuta na kwa kila siku, pamoja na jina la kijiji yalikokamuliwa, mwezi wa mavuno, asidi huru na kiwango cha peroksaidi. Na chupa ya sampuli ileile ihifadhiwe gizani kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ili mtahini akitaka jaribio lirudiwe, lirudiwe kwa mafuta yaleyale.